Aliyejitoa na Aliyetolewa

Sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, wengi tunaitumia kuelekezana njia tu: "Nikute pale kwa Askari." Amesimama hapo tangu 1927, bunduki yenye singe kaielekeza bandarini. Kabla yake, mahali hapohapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani. Waingereza walimwondoa Mjerumani wao, wakamweka Mwafrika wa shaba. Maandishi yaliyo chini yake yametokana na maneno ya Rudyard Kipling, nayo yanaahidi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Haya, litafute hilo jina. Zunguka sanamu yote. Hakuna hata moja.

Utaambiwa hata Ulaya kuna kaburi la askari asiyejulikana. Sawa, lakini yule hajulikani kwa sababu maiti yake haikutambulika. Wenzake majina yao yamechongwa mawe kwa mawe. Wa kwetu waliachwa. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wakafika 350,000. Serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni.

Mimi kinachonitatiza zaidi ni hilo neno "nchi yake". Nchi ipi? Watu wa Tanganyika walipigana pande zote mbili, wengine kwa Mfalme wa Uingereza, wengine chini ya Lettow-Vorbeck. Na wapagazi, waliobeba risasi na unga hadi wakafa kwa njaa na kuhara, wengi walikamatwa tu vijijini. Kiswahili kinatenganisha vizuri aliyejitoa mhanga na aliyetolewa mhanga. Tukiweka shada na kumshukuru huyu wa pili kwa "kujitolea", tunamheshimu kweli, au tunamsafisha aliyemtoa?

Sisemi sanamu ing'olewe. Hata kumpita kimya sioni kama ni sawa. Alikuwa mtoto wa mtu. Ila shukrani si neno lake. Labda pole.

Kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Ndipo tulipopata Kariakoo, jina ambalo makonda wanalipiga kelele kutwa nzima, mwendo mfupi tu kutoka kwa yule askari wa shaba.