Namba Kubwa Kwenye Ganda la Betri

Kijana mmoja wa Tandika, Dar es Salaam, alifungua kibanda cha gemu katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake. Alikuwa na runinga moja, Xbox One ya mtumba na pedi mbili zisizo na waya. Waya aliukataa makusudi, maana watoto huukanyaga na kuivuta mashine nzima hadi sakafuni. Alipokosea ni kwenye betri, na kosa lake ningependa lijulikane kwa kila mwenye kibanda na kila mzazi aliyemnunulia mtoto pedi ya namna hiyo.

Pedi za kawaida za Xbox zisizo na waya, tangu zile za 360 zilizotoka mwaka 2005, hutumia betri mbili za AA, saizi ile ile ya rimoti na saa ya ukutani. Mwenye PlayStation hana kazi hiyo: tangu PS3, betri ya lithiamu imo ndani ya pedi, anachomeka waya tu. Wa Xbox lazima aende dukani akachague mwenyewe.

Mwanzoni kijana alitumia betri za kutupa. Kibanda kikijaa kuanzia alasiri hadi usiku, hazikudumu, na sehemu kubwa ya mapato ikawa inaishia kwa muuzaji wa betri. Kuhamia za chaji ilikuwa akili nzuri. Lakini mezani dukani aliwekewa aina mbili: moja imeandikwa 2000 mAh, yaani kiasi cha umeme inachobeba, na bei yake imechangamka, nyingine imeandikwa 5000 mAh kwa chini ya nusu ya bei hiyo. Akachukua za 5000. Nani asingezichukua?

Hakuna betri ya chaji ya AA ya nikeli yenye 5000 mAh. Ganda lile ni dogo, na kemikali inayoweza kuenea humo ina kikomo. Zilizo bora kabisa huishia 2700 au 2800 hivi. Namba ikizidi hapo, ni uongo uliochapwa juu ya karatasi. Uongo huo unaweza kuushika kwa mkono: betri halisi ya nikeli ya 2000 mAh ina uzito wa karibu gramu 27, na ukiiweka kiganja kimoja na ya bei rahisi kiganja cha pili, mara nyingi utahisi tofauti papo hapo. Nyepesi ni nyepesi kwa sababu ndani hamna kitu cha kutosha.

Jioni ya kwanza tu wateja walianza kulalamika. Pedi ilikuwa inakatika, tena si wakati wowote, bali hasa inapotetemeka. Hilo lina sababu. Vimota vya mtetemo vinapowaka huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, betri dhaifu inashindwa kuutoa, volti inaporomoka na pedi inajizima. Basi mtoto anapiga shuti, pedi inatetemeka, skrini inaandika kwamba pedi haipo. Ugomvi wa nani alipe mchezo huo haukuisha.

Akarudi dukani akiamini shida ni volti. Alikuwa amesoma kwenye ganda kwamba betri za nikeli ni volti 1.2 na za kutupa ni 1.5, akaona ameibiwa. Hofu hiyo wengi wanayo na haina msingi. Betri ya kutupa huanza na 1.5 kisha hushuka taratibu kadiri unavyocheza, mpaka kufikia 1.0 hivi, na pedi imeundwa kuvumilia safari hiyo yote. Ya nikeli husimama karibu na 1.2 muda mwingi wa matumizi yake. Pedi haidhuriki wala haipungukiwi, ila alama ya chaji kwenye skrini huweza kuonyesha pungufu kuliko hali halisi.

Dukani hakuna aliyemweleza hayo. Alipewa betri nyingine, ndefu na nene sawasawa na AA, za lithiamu, zimeandikwa 3.7 V na namba ya mAh kubwa zaidi. Zikaingia bila kulazimishwa. Pedi haikuwaka tena.

Fundi wa mtaani aliifungua, akanusa bodi, kisha akaiokota betri moja na kuigeuzageuza kwenye mwanga.

“Mdogo wangu, hii pedi umeipa nini?”

“Kaka, si betri za AA hizo?”

“Saizi ndiyo AA. Soma hapa chini.”

Chukua tangi la maji juu ya mnara: mAh ni ujazo wa tangi, volti ni urefu wa mnara. Pedi ilisubiri volti 3 kutoka betri mbili, ikapokea 7.4, na zikiwa zimejaa kabisa hufika 8.4. Mabomba yalipasuka.

Hapa ndipo ninapopata hasira kwa niaba ya kijana huyu. Aliyemuuzia alijua, au alipaswa kujua. Hizo za volti 3.7 si mbaya zenyewe, kuna tochi zilizotengenezwa kwa ajili yake, lakini kuzitoa kwa mtu anayeomba betri za pedi ni hatari kuliko hasara ya pedi. Betri ya lithiamu ikielemewa huweza kupasuka na kuwaka moto, na chumba kile kina mlango mmoja na watoto zaidi ya kumi. Zipo AA za lithiamu zilizowekewa kisaketi ndani cha kushusha volti mpaka 1.5, nazo ni salama kwa pedi, ila hukaa kwenye 1.5 mpaka tone la mwisho kisha zikazima ghafla bila onyo.

Hata kwenye betri za kweli, namba kubwa ina gharama yake. Eneloop, zilizoanzishwa na Sanyo mwaka 2005 na sasa zikiwa za Panasonic, zipo za aina mbalimbali, ikiwemo ya kawaida ya 2000 mAh ambayo mtengenezaji anasema inachajika hadi mara 2,100, na ile ya Pro ya 2500 ambayo anaihesabia mara 500. Kwa kibanda kinachochaji kila usiku, hiyo ni tofauti ya miaka.

Chaja nayo ilikuwa sehemu ya tatizo. Ya kijana ilikuwa ya kuhesabu saa: inachaji muda uliopangwa, halafu inakata. Umeme ukikatika na kurudi, saa zinaanza upya, na betri zilizokwisha kujaa zinachajiwa tena mpaka zinachemka. Chaja ya kufaa huangalia kila betri peke yake, kwa tundu lake na taa yake, na kuacha betri ikijaa.

Siku hizi ana betri nane za 2000. Amezichora kwa kalamu ya wino mzito, mbili mbili, A na A, B na B, na kila jozi huingia pamoja na kutoka pamoja. Ukichanganya iliyochoka na nzima, iliyochoka inaisha kwanza, na nzima inaendelea kusukuma umeme ndani yake kinyumenyume mpaka inaiua.