Ukimya si Ukosefu

Katika uwanda wa Dodoma mbegu hulala ardhini tangu mvua ziishapo mpaka mwishoni mwa mwaka. Mgeni apitaye kiangazi hudhani kuwa nchi ile ni tasa. Mwenyeji hujua kuwa imenyamaza tu. Mwili wa mwanadamu una siri ya namna hiyo. Takriban kila chembe yake hai hubeba hazina moja ya jeni zipatazo 20,000, lakini jicho halifanyi kazi ya ini, wala ini kazi ya ngozi. Protini maalumu hushika uzi wa urithi na kuamuru jeni hii iwake na ile izimike. Pengine uzi hukazwa hata usisomeke. Jeni zote zingesema pamoja, pasingekuwa na jicho wala ini. Basi ukimya ni nusu ya utaratibu.

Lakini je, kila ukimya ni mwema? Selimundu hutoa jibu. Ugonjwa huu hutokana na kosa katika jeni ya himoglobini ya utu uzima. Mtoto akiwa tumboni hutumia jeni nyingine isiyo na kosa, akazaliwa salama. Miezi michache baadaye jeni hiyo hufungwa, na maumivu huanza. Inakadiriwa kuwa watoto 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu Tanzania kila mwaka. Kila mmoja amebeba ndani yake jeni nzima iliyonyamazishwa.

Mnyamazishaji wake mkubwa, protini iitwayo BCL11A, alitambulika mwaka 2008. Dawa ya hidroksiyurea huiamsha jeni ile kwa kiasi katika wagonjwa wengi. Mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba inayokata sehemu ya uzi wa urithi inayomwasha mnyamazishaji huyo katika chembe zinazozaa damu nyekundu. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2. Mwaka huo huo Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwatibu watoto kwa njia nyingine, ya kupandikiza uloto.

Hapa swali la elimu hugeuka kuwa swali la haki. Mtoto mgonjwa huitwa dhaifu, na mama hulaumiwa peke yake, hali ugonjwa hurithiwa kwa wazazi wawili. Hukumu hiyo ni ya mgeni wa kiangazi. Mbegu haijiletei mvua, wala mtoto hajifungulii jeni yake. Zamani kutojua kulikuwa udhuru. Sasa mlango umejulikana na ufunguo umepatikana, na deni limewaangukia wenye uwezo wa kuufikisha ufunguo huo kwa mtoto wa maskini.