Adabu haikai kwenye viwiko

"Mguu pande! Mguu sawa!" Aliyepitia shule ya msingi Tanzania hahitaji kuelezwa. Mstarini mikono inabanwa mapajani. Darasa la kwanza mwalimu anaita mikono juu, mikono kichwani, kidole mdomoni, na chumba kizima kinanyamaza. Tukikua, amri zinaendelea bila mwalimu: usizungumze na mkubwa mkono mfukoni, usishike kiuno mbele ya wakwe, ukipewa kitu pokea kwa mkono wa kulia. Tumelelewa kuisoma tabia ya mtu mikononi mwake kabla hajafungua kinywa.

Sasa mtoto mwenye usonji anaingia katika mstari huo. Wenzake wamenyoosha mikono, yeye viwiko vimebana mbavuni, vigasha vimepanda kifuani, viganja vinaning'inia na vidole vinachezacheza. Pengine anasimama kwa ncha za miguu, visigino havigusi ardhi. Wenye usonji wa Ulaya na Marekani wameupa mkao huo jina la utani, mikono ya dinosaria, na wenyewe hulitaja kwa kicheko. Mwalimu wa zamu hacheki. Anaona kiburi, na bakora haiko mbali. Mtaani majirani wanamuuliza mama yake mtoto huyu kalelewa vipi, na hakosekani wa kusema ana mashetani.

Mkao huo peke yake si kipimo cha usonji. Wapo watoto wengi wanaokunja mikono hivyo au kutembea kwa ncha za miguu na hawana usonji. Daktari huangalia mengine: mawasiliano, namna mtoto anavyohusiana na watu, mambo yanayojirudia tangu utotoni. Lakini mwili haukuanza jana kutajwa katika habari za usonji. Daktari Hans Asperger wa Vienna, akiandika mwaka 1944 juu ya wavulana aliowachunguza, alieleza jinsi miondoko yao ilivyokuwa mizito na isiyo na ulinganifu. Na mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani, katika toleo la 2013, uliingiza tofauti za hisi miongoni mwa dalili.

Hisi tulizofundishwa shuleni ni tano, lakini mwili una nyingine. Fumba macho, kisha gusa pua yako. Umeipata bila kuiona kwa sababu misuli na viungo vinaupa ubongo habari kila mara: kiwiko kimepinda kiasi gani, mkono umefika wapi. Kwa watu wengi wenye usonji habari hiyo huja kwa namna tofauti, kwa wengine hafifu, na kuna ambao misuli yao imelegea au viungo vyao vinapinda kupita kawaida. Mkono ulioachwa uning'inie hautoi habari nyingi. Mkono uliokunjwa na kubanwa mbavuni unajitambulisha wenyewe. Maelezo hayo hayamalizi sababu zote, ila yanatosha kumzuia mtu mwenye busara asikimbilie neno kiburi.

Temple Grandin, Mmarekani mwenye usonji, aliijua mapema faida ya kubanwa namna hiyo. Akiwa kijana wa sekondari, kwenye ranchi ya shangazi yake huko Arizona, aliona ng'ombe wakitulia walipobanwa ubavuni na kifaa cha kuwashikilia wakati wa chanjo. Akajitengenezea mashine ya mbao ya kujibana mwenyewe, na humo wasiwasi wake ukapungua. Baadhi ya wakubwa wake waliiona mashine ile ni kituko. Baadaye alikuja kuwa profesa wa sayansi ya wanyama.

Wengine hawakuachiwa nafasi ya kujitafutia utulivu wao. Kuanzia miaka ya 1960, mwanasaikolojia Ole Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, aliwafunza watoto wenye usonji kwa zawadi na kwa adhabu, makofi na mishtuko ya umeme ikiwemo, akitaka mtoto asitofautike na wenzake. Makofi yaliachwa, lakini shabaha ilibaki katika madarasa mengi kwa sura ya amri moja: mikono itulie. Mwaka 2011 Julia Bascom, mwenye usonji, aliandika insha kuhusu amri hiyo, na tangu hapo wengi wamesimulia jinsi walivyotumia nguvu zao zote kutuliza mikono, somo likawapita.

Najua jibu la mzazi wa kwetu: samaki mkunje angali mbichi. Naikubali methali hiyo, ila nauliza tunakunja nini. Mtoto afundishwe kusalimia wakubwa kwa namna anayoiweza, kungoja zamu, kutompiga mwenzake. Akijigonga kichwa, atafutiwe msaada. Akitembea kwa ncha za miguu miaka nenda rudi, apelekwe kwa mtaalamu wa viungo, maana kano za kisigino zinaweza kukaza. Hayo yana faida kwake au kwa jirani yake. Viwiko vilivyobana mbavuni havimdhuru yeyote, na kuvinyoosha kwa nguvu hakumpi mtoto chochote ila woga.

Wala si kweli kwamba desturi zetu zinajua mkao mmoja tu wa heshima. Pale Unguja, Mshafii husali amefunga mikono chini ya kifua, na Muibadhi huiacha mikono ining'inie ubavuni. Wote wamesimama mbele ya Mola wao, wameelekea kibla kimoja, na kwa vizazi wamesali bega kwa bega. Ikiwa mahali pa unyenyekevu mkubwa kuliko wote tumeweza kuvumilia mikao miwili tofauti ya mikono, sioni kwa nini mstari wa saa moja na nusu asubuhi ushindwe.

Kwa hiyo namwomba mwalimu jambo moja dogo. Akitaka kujua kama mtoto yule anasikiliza, asiangalie mikono yake. Amuulize swali la somo, na ampe muda wa kujibu.