Ukumbusho wa Usichokiona

Miaka ya 1970, katika sebule nyingi za Lubumbashi, nchini Kongo, mgeni alikaribishwa na mwanamke mwenye mkia wa samaki. Alichorwa kwa rangi kali juu ya kitambaa cha gunia la unga, nywele ndefu mabegani, mara nyingi na nyoka pembeni. Jina lake Mamba Muntu. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefanya utafiti huko na kuzungumza na wachoraji kwa Kiswahili, aligundua kwamba wenye picha hizo walikuwa na neno lao la kuzieleza: ukumbusho. Neno hilohilo walilitumia kwa picha za Patrice Lumumba, na kwa zile za wafungwa wakichapwa viboko enzi za Wabelgiji.

Neno hilo limenikaa moyoni tangu nilipokutana nalo. Lumumba alikuwapo, na viboko vilikuwapo. Migongo iliyochapwa inajua. Lakini anayekumbushwa ni mtu aliyekwisha kujua jambo, likamtoka. Je, Mamba Muntu anamkumbusha nini mtu ambaye hajawahi kumwona?

Hata jina lake ni fumbo. Watu wa pwani wana nguva, mnyama wa kweli anayenyonyesha baharini, na hadithi zao za mwanamke wa majini zina pa kushikia. Ziwa Tanganyika, linalotutenganisha na Kongo, halina nguva. Lina mamba. Basi jina likachukua mamba, na mchoraji akachora mkia wa samaki bila kuona shida yoyote. Naamini hakukosea. Alijua kwamba hachori mnyama.

Tusikilize kisa chenyewe. Mwanamume anaokota ufukweni kitana au unywele wa yule mwanamke. Usiku mwanamke anamjia ndotoni kudai kilicho chake, na anamwahidi utajiri kwa sharti moja: asimwambie mtu. Upande wetu wa ziwa, huku Kigoma, kuna kisa cha zamani kinachofanana nacho kama ndugu. Msafiri Henry Morton Stanley alipofika Ujiji mara ya pili, mwaka 1876, alisimuliwa jinsi ziwa lilivyozaliwa. Hapo zamani palikuwa na nchi tambarare, na ndani ya ua wa mtu na mkewe palikuwa na chemchemi ya kina yenye samaki wasiokwisha. Ilikuwa siri yao wawili. Mume akasafiri kwenda Uvinza kufanya biashara. Mke akamwonyesha hawara yake chemchemi ile. Samaki wakang'aa majini, na hawara akanyoosha mkono amguse mmoja. Ardhi ikapasuka, nchi ikazama, na mume aliporudi alikuta maji mahali pa mji wake.

Wengi husikia hapo hadithi ya mke asiye mwaminifu. Mimi nasikia jambo jingine. Mke alivunja siri kwa kuonyesha, lakini chemchemi ilibaki imetulia. Hawara alitazama, ikabaki imetulia. Kilichopasua nchi ni mkono.

Ndiyo maana nadhani wale wenye nyumba wa Lubumbashi walichagua neno sahihi. Kinachokumbushwa na picha ile ni sharti, wala si sura ya kiumbe. Sharti ni kitu ambacho mtu hukijua na kukisahau kila siku, hasa akiwa na njaa au tamaa. Picha inayapa macho ruhusa yote na mkono inauacha mtupu. Yule mwanamke yuko wazi ukutani, mbele ya wageni na watoto, na bado hakuna aliyempata.

Kuna watakaosema sura yenyewe si yetu. Kwa sehemu ni kweli. Henry John Drewal, aliyeandaa maonyesho makubwa ya Mami Wata, ndugu yake Mamba Muntu, katika jumba la makumbusho la Fowler huko Los Angeles mwaka 2008, ameonyesha kwamba chimbuko mojawapo la sura hiyo ni picha ya mwanamke mchezesha nyoka iliyochapwa Hamburg miaka ya 1880, ikachapwa tena Bombay mwaka 1955. Lakini Liemba, meli ya ziwa letu, nayo ilijengwa Ujerumani, huko Papenburg, ikaletwa Kigoma vipande vipande na kuunganishwa hapa, ikashushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka uliofuata, Waingereza wakaiibua, na jina inalobeba sasa ni la ziwa lenyewe katika lugha za kusini. Chombo huwa cha wanaokipanda. Karatasi ya Hamburg haikuwa na sharti lolote. Sharti lilitiwa na watu waliojua maji.

Katika jumba la sanaa, mwanamke huyu anapewa ukuta mweupe, taa yake, na onyo la kutogusa. Hapo nahisi hasara: sebuleni alikuwa na mwenyeji wa kumsimulia. Isitoshe, onyo lenyewe limegeuka. Jumba la sanaa linakataza mkono ili picha isiharibike. Kisa cha Ujiji kinakataza mkono ili nchi isiharibike.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi, na chini ya mita 200 maji hayana hewa ya kumtosha samaki. Sehemu yake kubwa haijaonwa na mvuvi yeyote wa Kibirizi, hapa Kigoma. Dagaa na migebuka wanaishi katika utando mwembamba wa juu, na mkono wetu umewafikia humo kila usiku, kwa karabai na sasa kwa taa za sola, mpaka wakapungua. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulisitishwa. Tangazo lilieleza kwamba samaki wapewe nafasi ya kuzaliana na kukua. Mchoraji wa Lubumbashi angeichora amri hiyo kwa njia yake: maji matulivu, kitana juu ya mchanga, na mwanamume aliyesimama karibu nacho, ambaye bado hajainama.