Adhabu Ambayo Hakimu Hakuitoa

Askari mmoja kijana anayesali msikitini kwetu, hapa Mwananyamala, aliniuliza baada ya Isha: "Ustadh, yule teja ninayemkamata kila mara, nikimzaba makofi mawili matatu ili aogope, napata dhambi?" Kuhusu kumkamata hakuuliza.

Nikamtajia kisa kilichomo katika Sahihi Bukhari. Kulikuwa na mtu aliyeletwa kwa Mtume (s.a.w.) kwa ulevi, akaadhibiwa, akarudia, akaletwa tena. Mmoja wa waliokuwepo akamlaani kwa jinsi alivyozidi kuletwa. Mtume akakataza asilaaniwe, kwani mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Wahubiri wengi hukitumia kisa hiki kuhimiza huruma, basi. Mimi naona kina makali zaidi: adhabu haikufutwa. Kilichozuiwa ni nyongeza.

Na mateja wetu nyongeza ndiyo wanayoijua. Makofi kijiweni, matusi ndani ya karandinga, hata kabla ya kumwona hakimu. Kubwa kuliko yote ni arosto, yale mateso ya mwili unapokosa dawa uliyoizoea. Mwaka 2011 Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kuwatibu mateja wa heroini, baadaye Mwananyamala na Temeke. Anayeanza tiba huja kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, kisha anasemeshwa ili ijulikane kama kameza. Sasa mkamate asubuhi akiwa njiani kwenda dirishani, mweke mahabusu siku mbili tatu bila dawa. Makamasi yanamchuruzika, tumbo linamkata, anatapika, vinyweleo vimemsimama kwa baridi katika joto hili la Dar. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 ina vifungo vizito kwelikweli, lakini haina kifungu kinachomhukumu mtu arosto.

Kijana akasema, "Ustadh, mimi nina wakubwa juu yangu." Sawa. Lakini dozi ya mahabusu anaweza kuwakumbusha hao wakubwa, na makofi hakuna aliyemtuma.

Wapo waumini wanaosema natetea wezi. Jirani yangu aliibiwa sufuria ya pilau na nguo za mtoto kwenye kamba, na mpaka leo anamjua aliyechukua. Anadai vitu vyake, au aliyeviiba ashitakiwe. Yote mawili ni haki yake. Kutapika kwa teja huyo mahabusu hakumlipi jirani hata mfuniko.