Vijiko vya Dhahabu Ziwani Alice

Bwana mmoja wa Nairobi alipanda Mlima Kenya kwenda kuvua trauti katika Ziwa Alice, juu ya mita 3,000, mahali ambapo msitu umekwisha na kumebaki nyasi na malobelia. Alibeba kisanduku kilichojaa vijiko vya chuma: vya dhahabu, vya fedha, vyekundu vyenye madoa, kila kimoja na ndoana yake ya pembe tatu. Dukani aliambiwa kuwa samaki mkubwa hufuata kitu kikubwa, naye akachagua vile vilivyompendeza yeye. Hapo ndipo safari ilipoharibika, kabla hata hajafunga mzigo.

Kijiko huiga samaki mdogo anayekimbia, na kwenye maji yenye dagaa wengi ni chambo kizuri sana. Lakini maziwa haya ya juu hayakuwa na samaki hadi binadamu alipowapandikiza. Trauti wenyewe ni wageni Kenya: mwaka 1905 Ewart Grogan aliagiza mayai yao kutoka Scotland, wakatiwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua, ambao asili yao ni upande wa Pasifiki, walifuata baadaye. Aliyefikishwa kule juu hula anachokikuta: tunutu wa kereng'ende, mbawakawa waliopeperushwa na upepo, na zaidi ya yote mabuu ya vimbu visivyouma.

Kijana aliyemwongoza, mwenyeji wa Timau, alipofika ukingoni hakugusa fimbo. Alipiga magoti, akachota tope kwa kiganja, akalisuuza taratibu mpaka kikabaki kibuu kimoja, chembamba kama uzi, chekundu, kinajikunja na kujikunjua. Wekundu ule ni wa himoglobini, jamaa ya ile iliyomo katika damu yetu, nayo ndiyo humwezesha buu kuishi kwenye tope lenye oksijeni kidogo.

"Mzee, tuanze na hiki," kijana alisema, akafungua kibati chake. Ndani mlikuwa na nzi wa bandia wa uzi mweusi na mwekundu, kwenye ndoana namba 14 na 16. (Kwa ndoana hizi, namba ikipanda ndoana hupungua.) Nzi wa namna hiyo hufungwa kwenye mshipi mwembamba, huachwa azame, kisha huvutwa polepole mno, hata anayetazama hudhani mvuvi amesimama tu.

"Trauti wa kilo mbili atashibaje kwa hicho?" bwana aliuliza, akaingia majini mpaka magotini.

Kwangu hili ni kosa kubwa kuliko lile la dukani. Maji ya mlimani ni maangavu, na asubuhi trauti huja kula kwenye maji mafupi, hatua chache tu kutoka ukingoni. Anayekaribia ameinama, akarusha akiwa nchi kavu, huwakuta. Bwana huyu aliwakanyagia mezani. Kijiko kilipoanguka kwa kishindo, vivuli vitatu vilivyokuwa karibu na jiwe vilikimbilia kilindini, na tangu hapo kila alipovuta mshipi alitoa majani ya majini.

Karibu saa nane mchana, trauti mmoja alikipiga kijiko. Kumwachia hakukuwezekana tena: pembe mbili za ndoana zilikuwa zimepasua mashavu anayopumulia, na damu ilikuwa ikichuruzika. Kijana alimmaliza upesi, akampasua, akakamulia tumbo lake kwenye kifuniko chenye maji. Uji mweusi ukatawanyika, ukawa vimbu vichanga kwa mamia, vingine vikiwa na mabawa yaliyokunjwa bado. Hamkuwa na samaki hata mmoja, wala kitu chochote kilichozidi ukucha wa kidole kidogo.

Bwana alikitazama kifuniko kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono. "Hebu nipe yule nzi wako mweusi."

Ukungu ulikuwa umeshashuka hadi usawa wa maji, na upande wa kilele radi ilinguruma mara mbili.

"Leo hapana, mzee," kijana alisema. "Fimbo yako ni ya kaboni, inapitisha umeme. Ifungue vipande, tushuke."