Kosa Lisiloonekana Mbele ya Fundi

Mafundi redio wa Kigali wanalijua vizuri lalamiko hili: nyumbani sauti hukatikakatika, lakini redio ikifika kibandani inaimba bila kosa. Fundi anasema, "Mama, redio yako ni nzima." Mama anaapa kwamba si nzima. Nani aaminiwe? Swali langu ni hili: tuna wajibu gani kwa tatizo ambalo sisi wenyewe hatukulishuhudia?

Tuangalie kwanza tabia ya kosa la namna hii. Kiungo cha risasi chenye ufa hupitisha umeme kikiwa baridi. Redio ikipata moto, ufa hufunguka na sauti hupotea. Waya uliokatikia ndani ya ngozi yake hugusana ukinyooka, huachana ukipinda. Kwa hiyo redio iliyoimba dakika tano mezani haijathibitisha uzima wake. Imethibitisha tu kwamba dakika tano hizo haikukatika.

Pengine kosa halimo hata ndani ya chombo. Sisi Rwanda hatuna reli, lakini Ulaya na Marekani wapo watu wazima wanaochezea treni ndogo za mfano zenye spika ndani. Treni hizo hupata umeme kutoka relini kupitia magurudumu. Reli ikichafuka, umeme hukatika kidogo tu na mlio wa injini hukoma. Fundi akiijaribu treni hiyo kwenye reli yake safi, hataona kitu. Anayejua ni yule aliyekuwapo iliponyamaza.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maneno ya mwenye chombo, kwamba hukatika saa ngapi, ikiwa wapi, baada ya muda gani, ni kipimo ambacho fundi hana.

Mtu atanipinga: wateja wengine hukosea, na wengine husema uongo. Ni kweli. Lakini sidai kwamba fundi aamini kila neno, nadai achunguze. Aiache redio ipate moto, agongegonge ubao polepole, atikise waya mmoja mmoja. Asipopata kitu, aseme "sijaliona", asiseme "halipo". Tena asibadilishe spika nzima ili tu apate cha kulipisha. "Sijaliona" ni habari ya fundi. "Halipo" ni hukumu juu ya mama.

Homa ya malaria nayo huja na kuondoka. Mgonjwa akifika zahanati mwili umepoa, haitwi mwongo, hupimwa damu. Nadhani heshima hiyo anastahili kila anayelalamikia jambo lisilojitokeza mbele ya mkubwa: mtoto anayeonewa mwalimu akitoka, mfanyakazi anayetukanwa wageni wakiondoka. Hatulazimiki kuwaamini papo hapo. Tunalazimika kutoufanya utulivu wa dakika tano kuwa ushahidi dhidi yao.